Mji Uliofungwa Lango

Kamisawa, mkoa wa Akita, mwezi wa kwanza.
Shule ilifungwa mwaka niliotimiza arobaini;
kituo cha treni kikafuata, kisha duka la tofu.
Mimi ndiye ninayesukuma theluji kwa greda la halmashauri
kwenye barabara asiyopita mtu,
ili barabara isisahau kwamba ni barabara.

Mama, Tsuyako, miaka themanini na mitatu,
alikunja uso mara moja tu, mbele ya bakuli la supu.
"Tumbo," akasema, kisha akaomba radhi
kana kwamba tumbo ni mgeni aliyekuja naye bila taarifa.
Homa ilikuwa na siku nne. Aliificha
chini ya blanketi la meza ya moto, pamoja na miguu yake.

Nikampakia kwenye greda, maana ndilo pekee lililopita.
Kilomita thelathini, taa ya njano ikizunguka juu yetu.
Hakulia. Alihesabu nguzo za umeme kwa sauti,
akikosea, akianza upya.

Daktari Kuwabara alinionyesha picha:
hewa imekaa mahali isipostahili kukaa.
"Tumbo la chakula limetoboka," akasema, "au utumbo."
Nikagonga mhuri kwenye fomu.
Fomu iliuliza dawa, mzio, sigara.
Nani amuulize bibi kizee habari za huko?

Walipomfungua, tumbo lilikuwa zima.
Utumbo wakaupapasa wote, shubiri kwa shubiri,
kama fundi atafutaye tundu kwenye mpira wa baiskeli.
Hakuna.
Wakashuka chini zaidi, na huko, nyuma ya kibofu,
wakaukuta mji wa mimba umepasuka utosini,
tundu la kupitisha kidole gumba,
na usaha umetapakaa kila mahali.

Mji wa mimba.
Nilidhani nimesikia vibaya.
Nilijua hupasuka kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu,
mtoto akikwama, kovu la zamani likiachia.
Daktari, macho mekundu, alinieleza polepole:
uzee huukaza mlango, mlango hujifunga wenyewe,
na ndani hujaa, kidogo kidogo,
kile ambacho hakina pa kutokea.
Mwezi baada ya mwezi. Ukuta hukonda
mpaka ukawa kama karatasi ya dirisha.
Kisha siku moja, bila kuanguka, bila kuguswa,
mbele ya supu.

Akaniuliza kama ningependa kuuona.
Ndiyo desturi: jamaa huonyeshwa kilichotolewa.
Nilikubali kabla sijafikiri.

Sinia ya chuma. Kitu kidogo, rangi ya majivu,
hakizidi kiazi kilichosahaulika jikoni.
Humo nililala miezi tisa.
Humo alilala Yasue, aliyeko Osaka, asiyepiga simu;
na kabla yetu mmoja ambaye hakupewa jina,
ambaye Mama humwekea chungwa kila mwaka mpya
asiseme ni la nani.
Mji wa watu watatu. Wote tulihama.
Nikainamisha kichwa, sijui namwinamia nani.
Daktari naye akainama.
Muuguzi akafunika kwa kitambaa cha kijani.

Siku ya tisa macho yake yalitulia.
"Lilikuwa tumbo?"
Nina miaka hamsini na minane,
na neno lile sijawahi kulitamka mbele yake.
Nikalitamka, nikitazama dirisha.
Dripu ikadondosha tone, tone, tone.
"Kumbe bado ulikuwepo," akasema.
"Mimi nilishausahau."

Kisha akauliza nani amekwangua theluji juu ya paa,
maana upande wa jikoni
boriti haliwezi kubeba zaidi.